Kilio cha Maktabani

"Mkipiga kelele mnatoka," alisema mkutubi. "Nimewapa kona ili watu warudi maktaba, siyo waikimbie."

Ukumbi wa chuo ulikuwa umechukuliwa kwa mitihani, na onyesho letu lilikuwa kesho yake. Bila kona ile tusingekuwa na pa kuchezea. Lakini katika mchezo nilioutunga, mama anamlilia mwanawe aliyekufa, na mimi nilitaka alie mpaka madirisha yatikisike.

"Basi tuvunje onyesho," nikasema. "Beti zangu hazinong'onwi."

"Acha makuu, kaka," alijibu dada aliyeigiza mama. "Siku ukijenga ukumbi wako, tutapiga kelele humo."

Akapiga magoti kati ya rafu mbili za vitabu, chini ya feni iliyokuwa ikinguruma. Alipofungua kinywa, mishipa ya shingo ilimsimama kama kamba, lakini kilichotoka kilikuwa pumzi tu, na ndani ya pumzi ile beti zangu, neno baada ya neno.

Msomaji mmoja akafunga kitabu. Wengine wakasogea karibu yetu, wakibeba viti vyao ili visikwaruze sakafu.

Mkutubi naye akainuka, akaja upande wetu kwa haraka. Nikaanza kukusanya maleba, nikijua tumefukuzwa.

Alinipita bila kunitazama. Joto la mchana ule lilikuwa limemlowesha jasho mpaka kwenye kola, lakini akanyoosha mkono ukutani, akazima feni.