Tairi Linagusa Wapi

Mke alikwishafunga sanduku, anangoja teksi impeleke kwa dada yake, mumewe alipomwita kutoka gereji.

"Mama watoto, njoo ukae kwenye gari kidogo. Nataka nisikie tairi linagusa wapi."

Tangu juzi hawakuwa wamesemezana. Waligombana kwa sababu ya matairi hayo hayo mapya ya mbele. Mke alimwambia ni mapana mno kwa gari la michezo la kizamani kama lile, naye mume akamjibu, mbele ya shemeji zake mke, kwamba magari awaachie wenye kuyajua.

Hata hivyo mke aliingia garini, akashika usukani.

"Kata kulia."

Akakata. Tairi likasugua madigadi, kwaruuu, hadi kiti kikatetemeka. Mume, aliyelala chali sakafuni, akapitisha kidole ndani ya madigadi. Kikatoka cheusi tii.

"Ni mapana mno," alisema hatimaye, bado yuko chini. "Ulisema. Nami nikakuaibisha bure mbele ya ndugu zangu."

Mkono wa mke ulikuwa umeshafika kwenye kitasa cha mlango. Akaurudisha kwenye usukani.

"Na kushoto?" akauliza. "Au kushoto hutaki kusikia?"