Chupa Iliyolala

Desideri hakumruhusu hata mkewe kuigusa chupa ile. Ilikuwa imelala mchangani tangu mwaka aliozaliwa binti yao Prisila: mvinyo mwekundu wa zabibu zake mwenyewe, za kule juu mlimani ambako baridi huzichelewesha kuiva. Alijua ukali umeshalainika, mashapo yametulia chini, na harufu yake ni ya udongo uliopata mvua.

Leo Prisila alikuwa ameleta mchumba. Baba akinywa glasi atakayomiminiwa na kijana, posa imepokelewa.

"Polepole, mwanangu," alisema Desideri, akimkabidhi chupa.

Kijana, Elisaria, aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akaitikisa kwa nguvu zake zote.

"We! We! Unafanya nini?"

"Nakuchanganyia, baba." Jasho lilimtoka. "Kwetu mzee hapewi pombe ya juujuu. Usipoikoroga, umemtukana."

Miaka yote ile! Desideri alitamani amfukuze, yeye na adabu zake. Alimwacha amimine kwa sababu tu mkewe alikuwa amemkazia macho. Glasi ilikuja imevurugika kama mto wa masika.

"Baba," Prisila alinong'ona.

Desideri aliinuka akaipeleka glasi dirishani penye mwanga. Matope yalizunguka, yakazunguka, hayataki kutulia. Halafu harufu ya mvua ikampanda puani, ileile aliyoingojea, na nyuma yake kijana alikuwa bado amepiga goti.