Nungunungu Afukuzwa Ukocha

Wanyama nao waliwahi kuwa na timu ya mpira, yenye midomo mingi kuliko wachezaji.

Kabla ya msimu kuanza, kocha wao Nungunungu akawaambia mashabiki, "Mabeki wetu wazito. Tusiposhuka daraja, tushukuru."

"Mkosi huyo!" Kanga akapiga kelele. "Sisi tunataka kombe!"

"Kombe mtapata, ndugu zangu," Fisi akasema. "Nipeni mimi timu."

Wakamfukuza Nungunungu palepale, wakambeba Fisi mabegani.

Siku ya mechi ya kwanza mpira haukuonekana. Ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe, na Fisi ndiye aliyekabidhiwa autunze. Wageni wakapewa ushindi wa mezani.

Mashabiki wakatoka uwanjani wamefura, wakaenda kwa Nungunungu.

"Mchawi mkubwa wewe!" Kanga akamfokea. "Umetuloga kwa mdomo wako!"

Aliyewatangulia, fimbo mkononi, alikuwa Fisi.