Faharasa ya Mtaa wa Chini

Asubuhi ile Bwana Kitwana, aliyemfundisha Mwajabu kazi yote ya masijala ya ardhi, alimwambia, "Mwanangu, hebu ishushe faharasa ya Mtaa wa Chini kutoka kwenye kompyuta, ipumue." Mwajabu akaishusha bila kuuliza. Hati zilibaki salama ndani. Ila bila faharasa, kompyuta haizioni.

Saa nne akaingia Bi Tausi, mjane wa mtaa huohuo, pamoja na bwana mmoja aliyedai kuwa kiwanja cha mjane huyo ni chake. Bwana Kitwana akaandika jina la mjane, kisha akawageuzia skrini. *Hakuna.*

"Umejionea mwenyewe, mama," alisema, kwa upole uleule aliomfundishia Mwajabu. "Kompyuta haina ndugu."

"Mume wangu nimemzika pale, baba. Tafuta tena."

Mwajabu akamtazama mwalimu wake. Naye akamkonyeza, kana kwamba walilipanga pamoja tangu mwanzo.

Mwajabu akaivuta kibodi, akaanza kuipakia faharasa upya. Mstari wa kijani ukatambaa taratibu kwenye skrini, na mkono wa Bwana Kitwana nao ukatambaa ukutani, kuelekea kwenye swichi ya umeme wa kompyuta.