Mguu wa Tisa

"Mama, buibui huyu ana miguu tisa," alisema fundi wa kompyuta.

Mhariri mkuu aliacha kukoroga chai. Mwezi mzima alikuwa amepinga ensaiklopidia yake ya viumbe wadogo kuhamishiwa mtandaoni, akisema kitabu ni cha kushikwa mkononi, si cha kuning'inizwa hewani. Leo ilikuwa siku ya kutia saini idhini, na kalamu hata hajaigusa.

Akasogelea skrini. Mguu wa tisa ulikuwa palepale, mwembamba, umejikunja kidogo nchani. Miaka thelathini na moja alikuwa ameunyamazia. Maprofesa walimwandikia barua, mmoja akidai ni buibui wa jamii mpya.

"Huo si mguu," alisema kwa sauti ndogo. "Ni unywele wangu. Uliangukia mchoro siku ya kuupiga picha. Vitabu viliporudi kutoka kwa wapiga chapa, maji yalikuwa yameshamwagika. Nikasema nitausahihisha kwenye chapa ya pili."

"Na chapa ya pili?"

"Ndiyo hiyo naisubiri mpaka leo."

Fundi akacheka, akabofya. Unywele ukatoweka. Buibui akabaki na miguu yake minane, kama alivyozaliwa.

Mhariri alikodoa macho. "Basi? Ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha, Mama."

Akatia saini chapuchapu. Kisha akapiga magoti, akaivuta kwa mikono miwili droo ya chini kabisa, iliyoshindiliwa vikaratasi vya masahihisho mpaka ikagoma kufunguka.

"Vuta kiti, mwanangu," alisema. "Tuanze na konokono."