Kijiwe cha Wajinga

Ukurasa ulikuwa mweupe. Mume aliubonyeza tena kwa kidole kilichojaa hasira, nao ukabaki mweupe kama shuka lililotoka kufuliwa.

"Wameiua tovuti," alisema. "Wajinga wale wamefanikiwa hata kuua tovuti!"

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa dirishani mwa sebule hiyo hiyo akishona sare za shule. Aliacha kukanyaga. Hakutazama kompyuta, alimtazama yeye.

"Yote imekwenda?"

"Yote. Maswali, majibu, kila kitu. Majibu yangu!"

Tovuti hiyo ilikuwa kijiwe cha watu wanaotumia lugha moja ndogo ya kompyuta, ya kuipa mashine maagizo mafupi: panga majina haya, hesabu mizigo ile, futa kilichorudiwa. Zamani ofisi nyingi ziliitumia. Mume alikuwa bingwa wake katika ghala la vipuri, mpaka ghala lilipoleta mitambo mipya na kumwambia asante kwa kazi nzuri.

Alirudi nyumbani, akalala, akaugeukia ukuta. Hakuoga, hakunyoa, hakumjibu mtu. Mkewe alimlisha kwa kijiko. Kilichomwinua hakikuwa dawa wala maombi. Ilikuwa simu iliyolia kando ya mto. Mtu aliyejiita Kobe alikuwa ameuliza swali pale kijiweni, swali la kijinga kweli kweli, na mume akainuka kitandani ili ampe maneno yake.

Tangu hapo aliamka kila asubuhi, akanyoa, akaketi mezani kudharau watu. Dharau ilimnenepesha.

"Huyo Kobe," alisema sasa, "kichwa chake gunia la pumba. Nimemweleza jambo moja tangu mvua za mwaka jana. Halafu Mama Kijacho, na Dereva wa Lori, na yule anayejiita Mvivu. Huyo angalau amejijua. Wote ni wale wale! Kila mmoja anaanza na 'samahani fundi', kisha anamwaga upuuzi. Uwachemshe wote chungu kimoja, hupati akili ya kuku."

"Lakini wanashukuru," mkewe alisema.

"Wasiposhukuru siwajibu."

"Na yule wa lori ulimwelekeza vizuri. Mpaka akaelewa."

"Aelewe yule? Mbona unamtetea kama ndugu yako? Wewe shona, mama watoto. Mambo ya kompyuta utayajulia wapi?"

Mke alicheka kidogo, akakata uzi kwa meno. Aliisogeza simu yake iliyokuwa kati ya vifungo na chaki, akaenda kumletea chai. Aliiweka upande wa kushoto, mbali na kiwiko, maana mumewe akikasirika hupunga mkono wa kulia.

"Kwa nini usifundishe hapa hapa?" aliuliza. "Mtaani wapo wanaotaka kujifunza. Nitatoa vitambaa, sebule itawatosha."

"Nifundishe watu ninaowaona? Nitampiga mtu."

Kesho yake hakunyoa. Siku iliyofuata hakutoka chumbani, na mkewe alipomletea chai alimkuta ameugeukia ukuta.

Alisimama na kikombe mkononi. Aliujua mgongo ule. Alimwita kwa upole, hakuitika. Alimgusa bega, likawa kama bega la mtu aliyehama. Akakiweka kikombe chini.

Basi akakaza sauti.

"Haya, Kobe ameshinda."

Shuka lilitikisika. "Nani ameshinda?"

"Kobe. Sasa atawatangazia watu kwamba fundi wake alikimbia."

Mume aligeuka. Macho yalikuwa yamewaka.

"Mimi? Nimkimbie Kobe? Kobe huyu huyu asiyejua kufunga mabano aliyoyafungua mwenyewe?" Alilitupa shuka, akaketi, akapapasa simu. "Nampigia yule mzembe anayeitunza tovuti. Ataifungua leo hii, akitaka asitake."

Mkewe alimshika mkono haraka. "Usimpigie."

"Kwa nini?"

"Mtu ana shida zake. Mwache mtoto wa watu."

"Huruma zako hizo, siku moja zitakuponza. Kaa hapa usikie mtu anavyokanywa." Akaweka simu kwenye spika ili asikose hata neno.

Sauti iliyopokea ilikuwa changamfu. "Ah, kaka! Habari za siku nyingi?"

"Habari mbaya. Umefunga kijiwe bila hata kuaga! Umeona umefanya la maana?"

"Kaka, niwie radhi. Kukitunza ni kazi, na hakukuwa na watu."

"Hakukuwa na watu? Na Kobe je? Mama Kijacho? Mvivu? Nani atawajibu wale? Kila siku ya Mungu walikuwa wananisubiri." Sauti yake ilikatika, akakohoa kuificha. "Ni wajinga, sikatai. Lakini ni wajinga wangu."

Mke alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, uso ameuinamisha, mkono wake bado uko juu ya mkono wa mumewe.

"Kaka," sauti ilisema taratibu, "mimi nilidhani unajua. Watu wote waliondoka kabla hata ya huyo Kobe kuja, na yeye na hao wengine uliowataja, kila walipoingia, walikuwa wanaingia kutoka nyumbani kwako."