Maji ya Kumwosha Tembo Miguu

Ukame ulipozidi katika kijiji kimoja cha wanyama huko India, Tausi mpenda sherehe alituma mjumbe kwa Tembo aje awachimbie kisima.

Mara Tausi akashtuka, manyoya yakamsimama. "Desturi yetu mgeni huoshwa miguu! Na ile miguu minne, jamani, maji tutatoa wapi?"

"Si tuchimbe!" akasema Nguchiro, asiyejua kukaa bure.

Wakachimba wote, Tausi naye kwa kucha zake za maringo, wakiimba na kurushiana udongo, hata maji yakabubujika yakawafika shingoni.

Tembo akawasili kwa kishindo. "Haya, kisima nichimbe wapi?"

Wakatazamana. Nguchiro akacheka hadi akatumbukia kisimani.

"Mheshimiwa," akasema Tausi, akikung'uta mkia uliojaa tope, "wewe oga tu, halafu wasalimie nyumbani."